Maswali na majibu: Mshumaa haupimi oksijeni ya hewa

Swali: Ninafundisha kemia sekondari ya kata huku Urambo, Tabora. Jaribio la kuwasha mshumaa kwenye beseni la maji na kuufunika kwa chupa, ili maji yanayopanda yaonyeshe oksijeni ya hewa, limenishinda: kundi moja linapata oksijeni asilimia 12, jingine 30. Wanafunzi wanauliza kama ni kwa sababu Tabora ipo juu. Nifanyeje, na vifaa vyenyewe ni vichache?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako hawajakosea kusoma. Jaribio lenyewe halipimi oksijeni. Waambie wayatazame maji kwa makini: mshumaa unapowaka, maji hupanda kidogo tu, kisha moto ukizimika yanapanda ghafla. Hiyo ni hewa iliyotanuka kwa joto, sasa inapoa na kusinyaa, na sehemu yake ilishatoka kama mapovu wakati wa kufunika. Washa mishumaa mitatu uone maji yakipanda zaidi, ilhali oksijeni ni ileile. Tena moto huzimika oksijeni ikiwa bado kama asilimia 16, na kwa kila lita 3 zilizotumika, nta hurudisha karibu lita 2 za kaboni dayoksaidi.

Tumia kutu. Chuma kikishika kutu huchukua oksijeni bila kurudisha gesi. Tafuta silinda ya kupimia ya mililita 100, beseni, siki na gramu 2 hivi za stiliwaya laini ya kusugulia sufuria. Kwa hesabu, chuma kisichofika gramu 0.1 kingemaliza oksijeni yote iliyomo, ila kutu hushika juu juu, ndiyo maana tunataka nyuzi nyingi nyembamba. Hapa wengi hukwama: zile za kung'aa zisizoshika kutu hazifai, wala zenye sabuni. Lowesha kipande usiku kucha. Kisipogeuka kahawia, nunua nyingine.

Loweka stiliwaya kwenye siki dakika 5 kuondoa mafuta ya kiwandani, isuuze sana, ikung'ute. Siki ikibaki hula chuma na kutoa haidrojeni, ambayo hujaza nafasi iliyoachwa na oksijeni, na jibu linakuwa dogo. Chambua nyuzi ziachane, zisukume hadi kitakoni mwa silinda, kisha ipindue ndani ya beseni la maji. Iinamishe kidogo hewa itoke mpaka maji yafike kwenye alama, tuseme 96. Kwa kuwa alama huanzia kitakoni, namba unayosoma ndiyo ujazo wa hewa. Ifunge kwenye stendi. Kitako kizito kikiwa juu, silinda huanguka kwa urahisi.

Kazi kubwa hufanyika saa chache za mwanzo, lakini soma kesho yake, saa ileile uliyoanza. Hili la saa lizingatie sana. Tabora mwezi wa Juni na Julai alfajiri ni baridi na mchana ni joto. Ukianza saa nane mchana ukasoma saa moja asubuhi, tofauti ya nyuzijoto 10 itapunguza hewa iliyobaki kwa mililita 3 hivi au zaidi, na asilimia 21 itasomeka 24. Weka pembeni silinda ya pili isiyo na stiliwaya: maji yake yakisogea, ujue ni joto. Kabla ya kusoma, shusha silinda au ongeza maji kwenye beseni hadi usawa wa ndani na wa nje ulingane.

Kutoka 96 hadi 76 zimepotea mililita 20; 20 ÷ 96 × 100 = 20.8. Ukipata asilimia 17, acha siku moja zaidi. Lavoisier mwenyewe, mkemia Mfaransa wa karne ya 18, alipasha zebaki moto siku 12, na hewa yake ikapungua kama moja ya sita tu.

Kuhusu mwinuko: Tabora ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kanieneo (presha) la hewa ni dogo kuliko Dar es Salaam. Lita moja ya hewa ina molekuli chache zaidi, za oksijeni na za naitrojeni pia, kwa uwiano uleule. Asilimia inabaki 21, Urambo sawa na Kigoma kando ya ziwa.