Mzinga wa Bofors: L/60 ni urefu gani, na kampuni yenyewe iko wapi siku hizi?

Swali: Fundi, makumbusho niliona mzinga wa kutungulia ndege ulioandikwa "Bofors 40 mm L/60". Hiyo 40 nimeielewa, ni kipenyo. L/60 je? Mtutu ule hauwezi kuwa wa sentimita 60, ni mrefu kuliko mimi. Halafu tumebishana kuhusu kampuni: rafiki yangu mmoja anasema Bofors ilimezwa na Saab, mwingine anasema ni mali ya Waingereza. Nani mkweli?

Jibu: Kwa macho tu umekadiria vizuri. Herufi L ni urefu wa mtutu, ila hauhesabiwi kwa sentimita. Unahesabiwa kwa kipenyo cha tundu lake: kipenyo hicho kimeingia mara ngapi katika urefu wote. Kwa kipenyo cha milimita 40, L/60 ingekuwa 40 mara 60, yaani milimita 2,400. Nasema "ingekuwa" kwa sababu ukiupima mtutu ule kwa tepu utapata 2,250, ambayo ni mara 56 na kitu. Namba ya 60 ilikuwa ya kukadiria, na imebaki hivyo hadi leo. Mdogo wake aliyekuja baadaye, L/70, ndiye asiyedanganya: ana milimita 2,800 kamili.

Tofauti hiyo ya nusu mita si ya urembo. Kadiri mtutu unavyokuwa mrefu ndivyo gesi ya baruti inavyopata nafasi ya kulisukuma kombora. L/60 hutoa kombora kwa mwendo wa takriban mita 850 kwa sekunde, L/70 hupita 1,000. Kwa anayelenga ndege, kila sehemu ya sekunde inayookolewa ni mita kadhaa ambazo ndege haijazikimbia. Lakini usidhani risasi zao huazimana. Ganda la L/60 lina urefu wa milimita 311, la L/70 lina 364, na hilo refu haliingii kwenye nyumba ya L/60.

Kilichoupa mzinga huo jina, kwa maoni yangu, ni namna unavyolishwa kuliko mwendo wa kombora lake. Mtutu ukifyatuka hurudi nyuma, na nguvu ile ile ya kurudi ndiyo inayofungua tako (mlango wa nyuma wa mtutu), kutupa ganda tupu na kuandaa risasi nyingine. Risasi zimebanwa nne nne kwenye klipu, na mpakiaji huzidondosha kutoka juu. Maana yake anaweza kuongeza klipu juu ya klipu bila mzinga kunyamaza. Kwa hesabu ya kiwandani ni risasi 120 kwa dakika. Vitani hupungua, kwa kuwa mikono ya binadamu huchoka.

Ajabu ni kwamba kiwanda kilichoubuni kilizaliwa kikifua chuma tu. Bofors ni mahali huko Karlskoga, Sweden, palipokuwa na nyundo ya maji ya kufulia chuma tangu 1646. Mizinga ilianza miaka ya 1880, baada ya kuimudu kazi ya kusubu feleji. Mwaka 1894 Alfred Nobel, yule wa baruti na tuzo, aliinunua kampuni, akaimiliki kwa miaka miwili tu kabla ya kufariki. Kazi ya mzinga wa milimita 40 ilianza 1928 kwa ombi la jeshi la majini la Sweden, lakini oda ya kwanza ilitoka kwa Waholanzi, mwaka 1934, kwa ajili ya meli yao De Ruyter.

Vita vya Pili vilipowaka, pande zote mbili ziliutumia: wengine kwa leseni, wengine kwa kuuteka. Wamarekani walipata leseni 1941 na wakakumbana na balaa la michoro. Vipimo vilikuwa vya metriki, na baadhi ya vipande vilitegemea fundi avikwangue kwa tupa hadi vikae. Kiwanda cha Uswidi chenye mafundi wachache wazoefu kinaweza kuishi hivyo. Kiwanda cha magari kama cha Chrysler hakiwezi, kwa hiyo michoro ikachorwa upya kwa inchi, na Chrysler ikatoa mizinga karibu 60,000.

Baada ya vita jina la Bofors lilisikika zaidi kwa mzinga mkubwa wa kuvutwa wa milimita 155, FH77, wenye injini yake ndogo ya kujisogeza ukiwa umefunguliwa kwenye lori. India iliagiza 410 mwaka 1986, na mwaka uliofuata tuhuma za rushwa katika mkataba huo zikaitikisa serikali ya Rajiv Gandhi. Mizinga yenyewe haikuwa na kosa: ilifanya kazi nzito milimani Kargil, India ilipopigana na Pakistan mwaka 1999. Archer, unaobebwa juu ya lori na kujipakia risasi wenyewe huku wapiganaji wakiwa ndani ya kabini, ni wa ukoo huo huo.

Sasa ubishi wenu. Wote wawili mmesikia kweli. Bofors iliingia Nobel Industries mwaka 1984, kisha Celsius, na Celsius ikanunuliwa na Saab. Saab ilibaki na makombora ya kuongozwa, lakini mwaka 2000 iliuza upande wa mizinga kwa United Defense ya Marekani. BAE Systems ya Uingereza ikainunua United Defense mwaka 2005. Kwa hiyo makombora ya kuongozwa ni ya Saab, mizinga ni ya BAE, na viwanda vya pande zote mbili viko Karlskoga.

Ukirudi makumbusho, tafuta kibati cha chuma kilichopigwa ribiti kwenye mzinga. Kikiwa na jina la Chrysler, basi Bofors ni mbunifu tu, na vipande vyake vya ndani vilipimwa kwa inchi.