Nimeacha kuamini, na Jumapili zangu zimebaki tupu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, nafanya kazi maabara hapa Morogoro. Nimeimba kwaya tangu darasa la tano, lakini kwa miaka miwili sasa simwamini tena Mungu na sijamwambia mtu. Jumapili nashinda kitandani, najiona sina maana. Mwezi ujao kuna ibada ya kumbukumbu ya baba huko Njombe na mama anataka niongoze sala. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Umechanganya mambo mawili. Kutokuamini ni suala la dhamiri yako, na Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inakulinda. Jumapili ni jambo jingine, na ndilo linalokuumiza zaidi.

Kanisa lilikupa saa ya kuamka, mazoezi ya kwaya, kazi ya kufanya msibani, na watu wa kukuuliza "mbona hukuonekana?" Vyote vimeondoka pamoja na imani. Wengi wakifika hapo hukesha kwenye simu wakitafuta maana ya maisha, huku wiki nzima hakuna anayewasubiri popote. Wewe anza na ratiba.

Chagua vitu viwili tu, vyenye siku na saa, na awepo mtu atakayepungukiwa usipofika. Sharti hilo usiliruke, kwa sababu kitu ambacho hakuna anayegundua umekikosa hakimalizi mwezi. Tafuta wanafunzi watano wa kidato cha nne wanaohangaika na biolojia, uwafundishe Jumapili saa nne hadi saa sita, saa ileile uliyokuwa kanisani.

Cha pili ni kuchangia damu. Mwanamke huchangia kila baada ya miezi minne, akiwa na uzito usiopungua kilo 50. Wa maabara hahitaji kufundishwa kwamba uniti moja hutenganishwa chembe nyekundu, plazma na chembe sahani. Ila siku hiyo utazame mfuko unavyojaa. Madini ya chuma yaliyomo humo yalitoka kwenye nyota zilizolipuka kabla jua letu halijawaka, na sasa yanakwenda kwa mama aliyevuja damu wodi ya wazazi. Sayansi haikuondolei mshangao, mwanangu. Mshangao wa namna hiyo unatosha kumwamsha mtu asubuhi.

Sasa ibada. Usiongoze sala usiyoiamini. Utaichukia siku ya baba yako. Wala usiifanye siku ya kutangaza msimamo wako, maana watu watakuja kumkumbuka marehemu, watabaki wanakujadili wewe. Mpigie mama mapema, kabla ratiba haijachapishwa: "Mama, sala aongoze baba mdogo. Mimi naomba nisome wasifu wa baba." Ukimkatalia bila kumpa kitu mkononi, ataona umemkataa yeye.

Wasifu usizidi dakika tano. Kuzaliwa, shule na kazi vimalize kwa aya moja. Muda uliobaki utumie kwa mambo matatu yanayojulikana nyumbani tu: alivyochambua mbegu za viazi, alivyoita wajukuu, alichosema akikasirika. Uusome kwa sauti mara tatu kabla ya siku. Pale koo linapobana, fupisha sentensi. Wakati wa sala simama, inamisha kichwa, nyamaza. Nyimbo imba ukitaka. Umezibeba tangu utotoni, na kuimba si kula kiapo.

Mama akikuuliza waziwazi, usimdanganye: "Kwa sasa sisali, mama, lakini nipo nawe." Ishia hapo. Mabishano ya mageuzi ya viumbe jikoni, watu wakiosha vyombo vya wageni, hayajawahi kumfariji mjane.

Na hili lisikupite: ikiwa unyonge huo hauko Jumapili tu, bali ni kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umekimbia na chakula hakipiti, hapo usiutafutie sababu kwenye imani. Nenda hospitali ya mkoa wiki hii, uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili.