Vyuo vitatu vimekukubali: piga hesabu ya gharama halisi kwanza

Mdogo wangu, umesema vyuo vitatu vimekukubali na unachokipenda zaidi ndicho ghali kuliko vyote. Usilinganishe ada pekee. Kwa kila chuo jumlisha ada, malazi, chakula, vitabu, bima na nauli za mwaka mzima, kisha toa ufadhili usiorudishwa tu. Mkopo usiutoe, ni deni lako, hata kama barua ya chuo imeuweka safu moja na ufadhili. Hapo ndipo wengi hukosea. Zidisha kwa miaka yote ya kozi, na uulize kwa maandishi: ufadhili utaendelea hadi mwaka wa mwisho? Ukishuka wastani gani wa alama unaupoteza? Ada hupanda?

Kuhusu kukufaa, soma orodha ya masomo ya mwaka wa 3 na kuendelea, maana mwaka wa kwanza hufanana karibu kote. Hakikisha pia kozi inatambuliwa na bodi ya taaluma yako.

Chuo unachokipenda kikizidi uwezo wako, iandikie ofisi yao ya ufadhili kuomba nyongeza, ukiambatanisha barua ya chuo kilichokupa nafuu zaidi. Fanya hivyo kabla ya kulipa amana ya kushikilia nafasi yako, kwani mara nyingi hairudishwi.