Kabla ya kuuliza nyekundu ina maana gani, tafuta mwanga unatoka wapi

Mwanafunzi mmoja ameuliza bango la filamu ya kutisha huchambuliwaje; anasema alipewa kazi ya kuchambua bango la namna hiyo, akaandika kwamba nyekundu ni damu na nyeusi ni kifo, na mwalimu akamrudishia karatasi akimwambia kuwa hajachambua kitu. Naomba nimjibu kwa urefu, kwa sababu nilipanga kava za filamu kwa miaka sita katika duka dogo la uchapaji huko Kariakoo, na jambo hili liko moyoni mwangu hadi leo.

Rangi haiji na maana yake mkononi kama neno lililomo kwenye kamusi. Inapata maana kutokana na kazi inayoifanya ndani ya picha husika. Chukua bango la The Exorcist, filamu ya mwaka 1973 iliyoongozwa na William Friedkin, ambalo lilibuniwa na Bill Gold. Ni usiku, mwanamume mwenye kofia na koti refu, mkononi ameshika mkoba, amesimama mbele ya nyumba, nasi tunamwona kama umbo jeusi tu lisilo na uso. Ukifuata kamusi yako ya rangi utaandika kwamba weusi ni uovu na mwanga ni wema, na hapo utakuwa umelisoma bango zima kinyumenyume, kwa sababu mwanga ule unashuka kutoka dirisha la juu, ambalo ni la chumba cha mtoto aliyepagawa, na yule aliyesimama gizani ndiye padri mzee aliyekuja kumsaidia. Taswira hiyo ilichota kutoka kwa René Magritte, mchoraji wa Ubelgiji aliyechora nyumba zilizozama katika giza la usiku huku anga juu yake likiwa la mchana. Michoro hiyo ina taa, miti na mawingu tu, lakini haimpi mtu utulivu, kwa kuwa mwanga umekaa mahali pasipo pake. Bango nalo halina damu wala pepo, hata msichana mwenyewe hayumo. Lina hatua chache tu zilizobaki kati ya mtu na mlango, na mtazamaji ndiye anayezimalizia kichwani mwake.

Utaniambia kwamba bango la Jaws, filamu ya mwaka 1975 kuhusu samaki papa anayeshambulia watu, linapinga ninayoyasema, maana papa ameonyeshwa waziwazi na meno yote nje. Ni kweli, na ndiyo maana nalipenda. Mchoro huo ni wa Roger Kastel, aliyeuchora kwa ajili ya jalada la riwaya ya Peter Benchley, kisha ukachukuliwa kutangaza filamu. Ndani ya filamu papa anachelewa sana kuonekana. Bango limefanya kinyume kabisa, tena limemkuza mno akilinganishwa na mwanamke anayeogelea juu yake. Lakini hebu angalia aliyefichwa jambo ni nani. Sisi tunaona juu ya maji na chini ya maji kwa wakati mmoja, jicho ambalo muogeleaji yeyote hana, ilhali yule mwanamke anaogelea zake bila habari. Papa amesimama wima kama mkuki, na kati yake na mwili wa mwanamke pamebaki maji matupu. Tumebebeshwa siri ya mtu mwingine. Tunatamani kumpigia kelele atoke, na kwa kuwa picha haisikii, njia iliyobaki ni kwenda kukata tiketi.

Kwa hiyo, baada ya kutafuta mwanga unakotoka, uliza nani anajua nini. Kilichomo chumbani anakoelekea padri, sisi hatukijui. Muogeleaji hajui, lakini sisi tunajua. Mivuto hiyo ni miwili tofauti na haifai kuchanganywa chini ya neno moja la "kutisha". Mabango mawili ambayo Philip Gips alishiriki kuyabuni yana njia ya tatu: kigari cha mtoto juu ya mwamba mbele ya uso wa kijani wa mwigizaji Mia Farrow, katika filamu ya Rosemary's Baby ya mwaka 1968, na yai lenye ufa unaotoa mwanga, katika Alien ya mwaka 1979. Kigari na yai ni vitu vya uzazi, vitu ambavyo kwa kawaida huleta furaha nyumbani, na hapa vimeachwa peke yake bila mtu wa kuvishika.

Sasa nije kwenye hadhira, ambayo wanafunzi wengi huisahau. Tulipotengeneza kava ya filamu moja ya hapa nyumbani, mtayarishaji alitaka jini lenye macho mekundu, nami nikamwomba anikubalie picha ya mwanamke aliyevaa buibui, amepigwa picha kwa nyuma, akitembea peke yake kwenye kichochoro cha mchanga jioni, na pindo la buibui limezibwa na majani. Mgeni angeona mwanamke anayekwenda zake. Mtu aliyelelewa pwani, aliyesimuliwa tangu utotoni habari za mwanamke mzuri wa usiku mwenye kwato, hakuweza kuacha kutazama chini. Nilisimama pembeni ya meza ya muuzaji nikawaona wateja wakiinua kava, wakiisogeza karibu na taa, wakitafuta miguu. Mmoja alikwangua plastiki kwa ukucha pale kwenye majani.

Kwa kazi yako, funika jina la filamu kwa kiganja, mpe bango mtu ambaye hajaiona filamu hiyo, umwombe akuonyeshe kwa kidole mahali macho yake yalipotua kwanza na yalipokwenda baadaye. Andika njia hiyo ya macho kabla ya kuandika neno lolote kuhusu rangi. Kisha ueleze bango lilimzuia kuona nini, na kwa nini mtu wa mji wake, mwenye hadithi alizolelewa nazo, angetaka sana kukiona.