Hiyo ni GMC CCKW, na herufi zenyewe zinasema mengi

Ndugu, umeuliza lori lako kuukuu ni la aina gani. Kama namba uliyoisoma kwenye fremu inaanza na CCKW-353, hilo si Studebaker kama ulivyodhani. Ni GMC ya tani mbili na nusu, ya jeshi la Marekani. C ya kwanza ni mwaka wa usanifu, 1941. C ya pili ni kebini ya kawaida, injini mbele ya dereva. K ni ekseli ya mbele inayovuta. W ni ekseli mbili za nyuma. (DUKW, lile lori linaloogelea, limeanza na D kwa sababu ni la 1942.)

353 ni chesisi ndefu: kati ya ekseli ya mbele na katikati ya zile mbili za nyuma ni inchi 164, kama mita 4.17. 352 ni fupi, inchi 145. Pima, maana kibati cha dashibodi chenye maelezo ya lori huhamishwa kirahisi. Jeshi la Ufaransa lilifumua na kuunda upya malori haya mengi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo injini, kebini na vibati vya lori moja vinaweza kuwa vimetoka kwa matatu. Namba ya injini isikudanganye. Iamini iliyogongwa kwenye fremu, upande wa kushoto mbele. Kwangua rangi taratibu kwa brashi ya waya, usitumie grenda.

Tupia pia picha ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli). GMC ilifungwa aina mbili, Timken, ambayo boksi lake hugawanyika, na ile ya duara ya GM yenyewe.