Anti, nilishea skrinshoti mwenzangu akafukuzwa kazi

Anti shikamoo. Kuna jamaa nilikua nafanya nae kazi, mtu akafukua posti yake ya miaka nane nyuma akiwatukana walemavu, mi nikaishea nikaandika afukuzwe. Kweli kafukuzwa. Sasa hivi hatoki hata nje, na watu bado wanamtukana mpaka mama yake. Kuna wanaoniambia huo ndo uwajibikaji, wengine eti nimemnyima uhuru wa kujieleza. Nani mkweli? Silali.

JIBU: Marahaba mwanangu. Uhuru wa kujieleza hujamnyima, Ibara ya 19 ya Azimio la Haki za Binadamu la 1948 inampa yeye haki ya kusema na wewe haki ya kusema alichosema ni kibaya, na Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 ukaongeza kabisa kwamba uhuru huo unaenda na wajibu. Halafu wale aliowatukana tusiwasahau jamani, ndo walioumia wa kwanza na hakuna anaewauliza wanataka nini.

Ila uwajibikaji lazima uwe na kipimo, na hapo ndo mlipokosea. Athens ya kale, kule Ugiriki, wananchi walikua wanaandika jina la mtu kwenye kigae, akipatikana wa kufukuzwa anaondoka mjini miaka 10, lakini mali yake haiguswi na muda ukiisha anarudi na haki zake zote, mwanasiasa wao mmoja, Aristides, aliitwa arudi hata kabla ya muda kuisha. Siwasifii, maana kumfukuza mtu bila mashtaka wala kujitetea ni uonevu, ila hata wao adhabu yao ilikua na mwisho. Hii yenu mwisho wake lini? Na mama yake kaandika nini?

Kelele zina kazi yake pale mkubwa analindwa na kila mtu, kama wanawake waliomsema Harvey Weinstein, yule bosi wa filamu wa Hollywood aliyewanyanyasa kingono, 2017 mpaka akafika mahakamani. Huyu wako ulikua unamuona kila siku, ulishindwaje kumuuliza kama bado anaamini yale?

Futa hiyo posti leo. Andika palepale kwamba alichosema kilikua kibaya, kwamba wewe ulitaka afukuzwe na unajuta, na matusi kwa familia yake yakome. Yeye mtumie meseji moja ya kuomba radhi, asipojibu muache, usimgande akusamehe ili wewe upate usingizi.