Jibu: Ndege mweupe mwenye utosi mweusi pale Kibirizi, Kigoma, ni buabua wa Aktiki?
Ndugu yangu, inawezekana, ila usimwandike bado kwenye orodha ya ndege uliowaona. Buabua wa Aktiki huzaliana kaskazini kabisa na kwenda hadi Antaktika, wengi wakipita baharini. Kumkuta Ziwa Tanganyika ni bahati kubwa mno. Rangi ya mdomo isikudanganye, nje ya msimu wa kuzaliana mdomo wa buabua wa Aktiki huwa mweusi. Mwangalie akitua: miguu ya buabua wa Aktiki ni mifupi kiasi kwamba tumbo karibu liguse mchanga. Halafu anavyokula. Akidokoa wadudu juu ya maji bila kujitosa, na mkia una panda ndogo tu, basi ni buabua mabawa-meupe, mgeni wetu wa kila mwaka kutoka Ulaya na Asia. Tafadhali piga picha ya mkia, hata ya simu, uiweke hapa. Nina hamu kweli!